Jinsi ya Kupanga Madaraja ya Paleti Zilizotumika: Mwongozo Kamili kwa Wanunuzi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila msimu wa mavuno malalamiko ni yale yale. Mtu wa Mbozi ananunua paleti, yaani majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo, za kupangia mahindi, anaambiwa zote ni namba wani, analipa bei ya namba wani. Gunia zikishapangwa, boriti zinapasuka moja baada ya nyingine na mahindi yanakaa kwenye sakafu yenye unyevu. Mwenye banda la kufungashia parachichi Njombe naye ananunua paleti nyeupe zinazovutia, halafu mkaguzi anazikataa kwa sababu mihuri yake haifai kwenda nje ya nchi.

Wote wamechagua kwa sura. Weupe wa mbao unaeleza umri na jua, hauelezi nguvu. Daraja la paleti linaamuliwa chini, kwenye boriti na miguu, pale ambapo mnunuzi mwenye haraka hainami kupatazama.

Halafu hiyo "namba wani" ya muuzaji haina sheria yoyote nyuma yake. Marekani wafanyabiashara hugawa A na B, wakiangalia hasa kama boriti imewahi kukarabatiwa. Ulaya, kwa paleti za EUR (paleti zao za kipimo kimoja), hugawa A, B na C, na weupe wa mbao nao unahesabiwa. Paleti moja inaweza kuwa A kwa huyu na B kwa yule. Kwa hiyo panga madaraja mwenyewe, kabla hela haijatoka mfukoni.

## Majina ya sehemu, ili tuelewane

Mbao za juu ndizo zinazobeba mzigo. Mbao za chini ndizo zinazokaa sakafuni. Katikati kuna mojawapo ya vitu viwili: boriti, yaani mbao nene tatu zilizosimamishwa kwa ubavu, au miguu, yaani vipande vifupi vya mbao, kwa kawaida tisa. Kuna "paleti za boriti" na "paleti za miguu", na ukaguzi wake unatofautiana kidogo.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Futikamba ya mita 3 au zaidi
- Tochi (ya simu inatosha)
- Bisibisi bapa, yenye ncha ngumu
- Nyundo ya seremala
- Mzani wa kuning'iniza, wa angalau kilo 50
- Glavu nene na viatu vilivyofunika vidole
- Chaki za rangi tatu, au kopo dogo la rangi na brashi
- Daftari na kalamu
- Matofali manne ya bloku
- Msaidizi mmoja

Usiache glavu nyumbani. Msumari wenye kutu ukikuchoma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Pangua mnara

Paleti hupangwa kwa minara, moja juu ya nyingine. Za juu na za nje ndizo nzuri, na si lazima muuzaji awe na nia mbaya. Mvua za kwetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au zaidi. Paleti iliyokaa chini kabisa kwenye udongo muda wote huo inakunywa maji kutoka ardhini, na iliyo juu yake inapata sehemu yake.

Omba mnara upanguliwe. Muuzaji akikataa kabisa, chukulia mnara wote kuwa na daraja la paleti mbaya kuliko zote unazoziona, na lipa hivyo. Kama fungu ni kubwa na huwezi kukagua kila moja, toa kutoka kila mnara ya juu, ya katikati na mbili za chini. Hizo za chini ndizo zitakazokueleza fungu limetunzwaje.

Utajua umefanikiwa pale ambapo kila paleti unayoikagua imelala peke yake sakafuni, na unaweza kuizunguka pande zote nne.

## Hatua ya 2: Tenganisha kwa aina na ukubwa

Pima urefu na upana wa kila paleti, uandike. Saizi utakazokutana nazo mara nyingi ni hizi:

- Milimita 1200 kwa 1000. Inafaa maghala mengi.
- Milimita 1200 kwa 800. Hii ndiyo paleti ya EUR ya Ulaya, ya miguu, yenye kimo cha milimita 144. Iliyo kavu ina uzito wa karibu kilo 25.
- Milimita 1219 kwa 1016, yaani inchi 48 kwa 40. Hii ni ya Kimarekani, mara nyingi ya boriti.

Nyingine zote ziweke pembeni kwanza. Paleti zilizokuja na vigae, betri au paneli za sola mara nyingi zimetengenezwa kwa safari moja tu, kwa vipimo vya mzigo ule. Zinaweza kuwa mpya kabisa na bado zisifae kazi yako, kwa kuwa mbao zake ni nyembamba na meno ya foklifti (mashine ya kunyanyulia mizigo) hayaingii vizuri.

Kwa nini ukubwa utangulie? Kwa sababu paleti nzuri zenye vipimo mchanganyiko hazipangiki. Gunia zitaning'inia kwenye kingo, na mnara ukianza kuinama unaendelea kuinama. Fungu la daraja B lenye saizi moja ni bora kuliko fungu la A lenye saizi tano.

Pima pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukatiza. Paleti ya 1200 kwa 1000 inapaswa kusoma karibu milimita 1562 kote kuwili. Ya 1200 kwa 800, karibu 1442. Tofauti kati ya vipimo viwili ikizidi sentimita 2, paleti imeenda upande, na misumari yake imeshaanza kulegea hata kama haijaonekana.

## Hatua ya 3: Soma muhuri, na ujue unachosema na usichosema

Kwenye boriti au kwenye mguu tafuta muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi IPPC. Huo ni muhuri wa kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 ili mbao za kufungashia zisisafirishe wadudu wa misitu kutoka nchi moja hadi nyingine.

Pembeni ya suke kuna herufi mbili za nchi ambako mbao zilitibiwa: TZ ni Tanzania, ZA Afrika Kusini, CN Uchina, IN India, DE Ujerumani. Inafuata namba ya mtengenezaji au mtibaji, halafu herufi za aina ya tiba:

HT ni joto. Mbao imepashwa mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Hii ndiyo ya kutafuta.

DH ni joto pia, lakini la mawimbi, kama lile la maikrowevu: nyuzi 60 kwa dakika moja. Haina tatizo.

MB ni gesi ya methaili bromaidi, sumu ya kufukizia ambayo pia inaharibu tabaka la ozoni. Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia mwaka 2010. Gesi yenyewe huruka baada ya muda, ila mimi paleti ya MB siipeleki sebuleni, jikoni, kwenye banda la kuku wala kwenye kitanda cha mtoto. Ghalani chini ya saruji au mabati inafanya kazi yake. Usiichome.

SF ni gesi nyingine ya kufukizia. Ichukulie kama MB.

Sasa lile linalowaponza wengi: muhuri huu hauna neno lolote juu ya nguvu. Paleti iliyovunjika boriti inaweza kuwa na HT safi kabisa. Wala tiba ya joto haizuii mchwa au kuvu baadaye. Iliua waliokuwemo siku ile, basi. Muuzaji akikuonyesha muhuri kama ushahidi wa daraja, mshukuru na uendelee kukagua.

Kwa anayesafirisha parachichi, chai au kahawa nje ya nchi, kuna masharti zaidi. Muhuri uwe unasomeka, usiwe umeandikwa kwa mkono, na ikiwezekana uonekane angalau pande mbili zinazotazamana. Fundi wa mtaani akibadilisha ubao mmoja kwa mbao mbichi ya Mafinga isiyotibiwa, muhuri wa paleti hiyo umekufa kwa safari ya nje, hata kama bado unang'aa. Mbao mpya inatakiwa iwe imetibiwa na iwe na alama yake yenyewe. Ukarabati ukizidi takriban theluthi moja ya paleti, mihuri ya zamani inafutwa na paleti nzima inatibiwa na kugongwa upya. Magome nayo yanaangaliwa: kipande cha gome chenye upana wa zaidi ya sentimita 3 kinakubalika tu kama eneo lake halifiki sentimita 50 za mraba. Jambo lolote la shaka hapa, waulize TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kabla ya kupakia. Ukiuliza baada ya kontena kufungwa, gharama ni yako.

Onyo moja la kisheria. Paleti zilizopakwa rangi ya bluu zenye jina CHEP ni mali ya kampuni inayokodisha. Haziuzwi, hata anayekuuzia akiwa na risiti. Ziache hapo hapo.

## Hatua ya 4: Boriti na miguu

Tumia muda wako mwingi hapa. Mbao za juu zikivunjika unabadilisha kwa dakika chache. Boriti ikivunjika, paleti imekwisha au inashuka daraja moja kwa moja.

Geuza paleti isimame kwa ubavu, mwanga uwe nyuma yako. Shika tochi na umulike boriti kwa kufuata urefu wake, siyo kwa kuitazama uso kwa uso. Mwanga wa kuparaza ndio unaotoa ufa nje, kwa kuwa ufa hutupa kivuli.

Anza na mapengo. Boriti nyingi zina mapengo mawili yaliyokatwa upande wa chini ili meno ya foklifti yaingie pande zote nne. Pembe za mapengo hayo ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Uzito wa mzigo unapita juu ya pengo, ubao pale ni mwembamba, na ufa unaanzia kwenye pembe kisha unatambaa kuelekea mwisho wa boriti, ukifuata nyuzi za mbao. Weka kidole gumba chini ya ufa na msaidizi abonyeze mbao za juu kwa mguu. Ufa ukifunguka na kufunga, boriti hiyo imekufa hata kama bado imeshikamana. Ufa ukikaa kimya, tazama rangi ya ndani. Mweusi uliojaa vumbi na udongo ni wa zamani, umebeba mizigo mingi bila kuongezeka. Mweupe, wenye nyuzi kali zinazochoma, umetokea juzi na bado unasafiri. Huo mweupe ndio wa kuogopa, japo macho yatakudanganya kwamba mweusi ni mbaya zaidi.

Tafuta boriti pacha. Hii ni boriti ya pili iliyopigiliwa ubavuni mwa ile iliyovunjika. Hapa ndipo A na B zinapoachana kwa Wamarekani: paleti yenye boriti pacha ni B, iwe nyeupe vipi. Sababu zipo. Pacha inapunguza nafasi ya meno ya foklifti, inaongeza uzito, na inaifanya paleti iwe na upande mmoja mgumu kuliko mwingine. Pacha iliyopigwa vizuri, ndefu kama boriti yenyewe, yenye misumari kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, inafanya kazi miaka mingi ghalani. Kipande kifupi kilichopigiliwa misumari miwili juu ya ufa ni kiraka tu, na paleti hiyo ni C.

Tafuta mabamba ya chuma yenye meno. Baadhi ya viwanda hubana ufa kwa mashine na kugandamiza bamba juu yake. Bamba likiwa limekaa sawa pande zote mbili na ufa umefungwa, ukarabati ni mzuri. Likiwa limeinuka pembeni, lihesabu halipo.

Miguu. Kwenye paleti za miguu, gonga kila mmoja kwa nyundo. Mguu mzima unatoa mlio mkavu na mfupi. Uliopasuka unatoa mlio mzito uliopooza. Kisha ushike uuzungushe kwa nguvu ya mkono. Ukizunguka hata kidogo, misumari imelegea. Angalia zaidi miguu ya pembeni, kwa kuwa ndiyo inayogongwa na foklifti kila siku. Mguu mmoja wa pembeni ukikosekana, paleti haifai kunyanyuliwa na mashine. Miguu ya maranda ya mbao yaliyogandamizwa nayo ipo. Yakilowa yanavimba na kumeguka kama mkate, kwa hiyo yapitishie bisibisi kwa makini zaidi.

Umemaliza hatua hii ukiwa na uhakika wa jambo moja kwa kila paleti: boriti zote tatu nzima, au zimekarabatiwa vizuri, au zina kasoro hai. Andika kwa chaki juu ya paleti hapo hapo. Usitegemee kukumbuka.

## Hatua ya 5: Mbao za juu, mbao za chini na misumari

Hapa kazi inaenda haraka. Hesabu mbao zilizovunjika au zinazokosekana. Ubao wa mbele, ule wa ukingoni, una uzito wa pekee, kwa sababu ndio unaogongwa na foklifti na ndio unaoshika pembe za paleti zisilegee. Ubao wa katikati ukikosekana gunia litabonyea; wa ukingoni ukikosekana paleti nzima itaanza kutembea.

Usisahau kugeuza uone za chini. Wauzaji hubadilisha za juu kwa kuwa ndizo zinazoonekana.

Misumari ya kiwandani huwa na michirizi au imesokotwa, ili ishike mbao hata inapokauka. Fundi wetu akitumia msumari laini wa kawaida wa inchi tatu kwenye mbao mbichi ya msindano, mbao ikikauka inasinyaa na msumari unapanda wenyewe. Ndiyo maana paleti iliyotengenezwa Mei ina vichwa vya misumari vilivyosimama ifikapo Agosti. Pitisha kiganja chenye glavu juu ya mbao zote. Kichwa kilichosimama kinatoboa gunia, na kwa mpunga wa Mbarali hiyo ni hasara inayomwagika taratibu bila kelele.

Misumari miwili mitatu iliyoinuka, igonge irudi na uendelee. Ikiinuka kote, shusha daraja.

## Hatua ya 6: Unyevu, kuvu na bungua

Pima uzito. Chukua paleti tano za aina moja na upate wastani. Ile inayozidi wenzake kwa kilo kadhaa imenywa maji au imetengenezwa kwa mbao mbichi. Mbao ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, kuvu wanaota, na unyevu huo unapanda kwenye gunia. Kwa Njombe na Makete, ambako baridi na ukungu vinakaa, usitegemee kwamba itakauka yenyewe ndani ya ghala lililofungwa. Ianike kwanza.

Mistari ya bluu au kijivu kwenye mbao ya msindano inawatisha watu bure. Ni kuvu inayotia rangi tu, na nguvu ya mbao haiguswi kiasi cha kujali. Inapunguza uzuri, kwa hiyo seremala wa samani aikwepe, lakini wa ghala anaweza kudai punguzo na kuzichukua.

Kuoza ni habari nyingine. Chomeka bisibisi kwenye ncha za boriti na mahali mbao zinapogusana, ambapo maji hukaa. Mbao nzima inakataa, au inameguka kwa nyuzi ndefu zenye ukinzani. Iliyooza inapokea bisibisi bila ubishi na kutoa vipande vifupi vya mraba. Ikiingia kwa zaidi ya kina cha kucha, paleti ni ya kuni.

Matundu madogo ya mviringo ni kazi ya bungua. Piga paleti juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga mpya wa rangi ya krimu, wadudu wako hai, na usiiingize kwenye ghala lenye nguzo au kenchi za mbao. Matundu meusi yasiyotoa unga ni ya zamani. Vichuguu vya udongo chini ya boriti ni vya mchwa. Vibomoe uone kama ndani kuna kitu.

## Hatua ya 7: Harufu na madoa

Inusie. Nasema kweli, weka pua karibu. Paleti iliyobeba viuatilifu inaweza kunuka hata baada ya miezi, na kuiosha hakuondoi kilichozama ndani ya mbao. Hiyo haipaswi kugusa chakula cha mtu wala cha mifugo, hata ikiwa A kwa kila kigezo kingine. Doa la mafuta ya injini litaingia kwenye gunia. Chumvichumvi nyeupe ya mbolea inaweza kuoshwa, lakini inakula misumari, hivyo rudi ukaangalie vichwa vyake kama vina kutu nzito.

Kwa Iringa na Mufindi kuna hatari ya ziada. Mafundi hukarabati paleti kwa mabaki ya nguzo na mbao zilizowekwa dawa, zenye ukijani hafifu. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Ubao wa kijani usiukate bila kuziba pua na mdomo, usiutumie kwa chakula wala banda la mifugo, na usiuchome kabisa. Moshi na majivu yake ni sumu.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa uzito

Weka matofali mawili kila upande, chini ya ncha za boriti, katikati pawe wazi. Wewe na msaidizi mpande taratibu, mkiwa mmeshika ukuta au nguzo, msimame katikati. Sikilizeni. Kulia kidogo ni kawaida. Mlio wa kuvunjika, shukeni.

Fanya hivyo kwanza kwa paleti unayoiamini, uone inavyobonyea, kisha linganisha na nyingine za aina yake. Inayobonyea waziwazi kuliko wenzake, au isiyorudi sawa mkishuka, ishushe daraja. Jaribio hili linakusaidia kukataa mbovu. Halikupi kibali cha kubebesha tani.

## Hatua ya 9: Gawa madaraja

Daraja A. Boriti au miguu yote mizima, hakuna pacha. Mbao zote zipo, pembe ziko sawa, kavu, haina harufu. Hii tu ndiyo ya kuweka kwenye rafu za chuma, ambako paleti inaning'inia juu ya vyuma viwili na hakuna sakafu ya kuisaidia. Paleti ya EUR iliyo nzima imeundwa kubeba kilo 1500 zilizosambazwa sawasawa, yaani gunia 15 za kilo 100. Hesabu kwa kilo, usihesabu kwa gunia: lumbesa la viazi lina zaidi ya kilo 100.

Daraja B. Boriti moja au mbili zenye pacha nzuri au bamba zuri, au ubao mmoja wa juu uliobadilishwa kwa unene tofauti, rangi imefifia. Ni ya sakafuni. Kwa kipimo changu, usiibebeshe zaidi ya nusu ya uwezo wa paleti nzima ya aina yake. Kwa ghala la mahindi, mbolea au saruji, B iliyochaguliwa vizuri ndiyo ununuzi wenye akili kuliko wote, na sioni sababu ya mkulima kulipia A akiwa hana rafu wala foklifti.

Daraja C. Viraka vifupi, pacha mbili zilizolegea, ufa wa zamani kwenye pengo, mbao moja au mbili hazipo. Ni kwa mizigo myepesi ya kupanga kwa mkono: makreti matupu, mboga, chaga ya banda la kuku kama haina kemikali.

Kuni na vipuri. Zilizooza, zenye bungua hai, zenye ufa unaofunguka. Mbao nzima zilizobaki zinang'olewa.

Paleti ikiwa katikati ya madaraja mawili, boriti ndiyo iamue.

## Hatua ya 10: Fanya hesabu ya bei

Usikubali bei moja kwa fungu mchanganyiko kabla ya kuhesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za soko la kwako. Tuseme fungu lina paleti 100 na umepata A 40, B 35 na C 25. A ni shilingi 10,000, B ni 6,000, C ni 2,000. Jumla ni 400,000 na 210,000 na 50,000, yaani 660,000, au 6,600 kwa kila paleti. Aliyekuambia "zote namba wani, bosi" kwa 10,000 alikuwa anataka 1,000,000. Tofauti ni 340,000, na sasa unayo ya kuzungumza naye, ukiwa na daftari mkononi na alama za chaki mbele yenu wote wawili.

Zungumza kwa heshima. Wauzaji wengi nao walinunua fungu bila kulipangua, na anayekuona unajua kazi atakuwekea nzuri pembeni safari ijayo.

Dai risiti inayotaja idadi kwa daraja. Ikiwa umezibomoa na unasafirisha mbao tupu, pitia kwanza ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, uulize hati inayotakiwa, kwa kuwa vizuizi vya mazao ya misitu havitajua kwamba mbao zako zilikuwa paleti.

## Hatua ya 11: Kuzihifadhi na kuzikarabati

Paka alama ya daraja kwa rangi kwenye boriti, mahali foklifti haikwangui. Zipange juu ya matofali, madaraja yasichanganywe, juu ziwe na turubai lakini ubavu uwe wazi upepo upite. Turubai lililofunika mpaka chini linafungia unyevu ndani. Ghalani, acha nafasi ya karibu mita moja kati ya paleti na ukuta, uweze kupita na tochi.

Kagua tena kabla ya kila mavuno, kuanzia Hatua ya 4.

Kwa ukarabati, nunua paleti chache za kuni zenye saizi ile ile na muhuri wa HT, uzitumie kama ghala la vipuri. Ng'oa kwa kukata misumari katikati ya ubao na boriti kwa msumeno wa chuma. Ukipiga nyundo utapasua nusu ya mbao. Toboa tundu jembamba kabla ya kupigilia msumari kwenye ncha ya ubao mkavu, na tumia misumari yenye michirizi. Iliyokarabatiwa boriti irudi kwenye rundo la B hata ikipendeza namna gani, na alama yake ya A ifutwe siku hiyo hiyo kabla haijachanganyika na nyingine.